Pine ya okazioni: soma tarehe mbele ya kulipa

Ukitoka Bukavu kwenda Uvira kwa barabara ya kitaifa nambari 5, ukishapita Nyangezi unaanza kutelemka Ngomo. Upande mmoja mlima, upande mwingine bonde refu. Ndani ya gari kila mutu anawaza freni: zitakamata ao hazitakamata? Mapine, hakuna anayeyawaza. Lakini pine ya mbele ikipasuka ku kona ya Ngomo, usukani unavutwa upande, na freni nzuri peke yake haiwezi kuokoa gari.

Mapine mengi tunayoweka ku magari yetu, iwe Bukavu, Goma, Butembo ao Bunia, ni ya okazioni. Pine mpya ni bei kali, hatutalaumu mutu kwa hiyo. Shida ni namna tunavyoichagua. Muuzaji ameiosha, ameipaka dawa nyeusi, inang'aa. Mnunuzi anapitisha kidole ku meno, anaona bado marefu, anatoa pesa. Meno marefu yanaonyesha tu kama pine haijatembea sana. Hayaonyeshi umri wake.

Mpira unazeeka hata kama gari imesimama. Jua, joto na hewa vinaukausha, unakuwa mgumu, unaanza kupasuka mistari midogo midogo ubavuni. Ndani, nyaya za chuma zinaanza kuachana na mpira. Kwa inje huoni kitu. Kampuni Michelin inashauri pine ichunguzwe na fundi kila mwaka kuanzia mwaka wa 5 wa kutumika, na ikifikisha miaka 10 tangu itoke kiwandani iondolewe, hata ikiwa ingali na sura nzuri.

Tarehe imeandikwa ku pine yenyewe. Tafuta ubavuni herufi DOT, fuata mstari ule mpaka mwisho, utaona namba nne. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. 3217 maana yake juma la 32 la mwaka 2017. Ukikuta namba tatu tu, pine ile ilitengenezwa mbele ya mwaka 2000: rudisha, hata kama wanakupa bure. Mara nyingi tarehe iko upande mmoja tu, kwa hiyo geuza pine na uangalie pande zote mbili. Na kama mahali pa tarehe pamekwanguliwa, jua kuna sababu.

Jambo la pili, na hili linagusa zaidi wenye kubeba abiria. Kisha ukubwa wa pine, mfano 195/65 R15, kunafuata namba na herufi nyingine, tuseme 91H. Ile 91 ni uzito: pine moja inabeba kilo 615, haipiti hapo. Pine ya Hiace inakuwa na herufi C, na namba kama 106, maana yake kilo 950. Sasa kuna wenye kuweka pine ya gari ndogo ku Hiace, juu inaingia vizuri ku janti na bei iko chini. Tufanye hesabu pamoja. Mapine mane ya 91 yanabeba kilo 2 460. Hiace tupu inapita kilo 1 500. Ongeza watu 18 wa kilo 60, ni kilo 1 080. Umekwisha kufika 2 580, na bado hujapandisha gunia hata moja la muhogo juu ya paa.

Upepo nao. Pine yenye upepo kidogo inajikunja ubavuni kila inapozunguka, na kule kujikunja kunaleta joto. Ku mtelemko, freni nazo zinachoma janti, joto linaongezeka. Ndipo pine inapasuka. Pima upepo asubuhi, mbele ya kuondoka, pine ingali baridi. Kiasi kinachofaa kimeandikwa mara nyingi ku kikaratasi kwenye mlango wa shofere. Kupiga pine teke si kupima! Na ukipima njiani, pine ikiwa ya moto, utaona presioni imepanda. Usitoe upepo: ikipoa itakuwa chini ya kiasi.

Kwa wa Goma, mawe ya volkano yanakata ubavu kama kisu. Kitobo ku meno, kwado anaweza kukiziba vizuri. Ubavu uliokatwa hauzibwi. Kuna wanaoweka kipande cha pine nzee kwa ndani na kuendelea. Hiyo ikufikishe pole pole mpaka ku garaji, isibebe abiria. Vilevile kuchonga meno mapya ku pine ya gari ndogo iliyokwisha: mpira unaochongwa ndio ule ule uliobaki kufunika nyaya.

Kwa kwado, simama uangalie kazi. Akitaka pine iteleze ku janti, apake maji ya sabuni, si mafuta ya gari, juu mafuta yanakula mpira. Wewe mwenyewe ukibadilisha njiani, tafuta mahali tambarare, weka jiwe nyuma na mbele ya pine nyingine, legeza bulo kidogo mbele ya kuinua na kriki. Kaza kwa kuvukisha, bulo moja na ile inayoielekea, usifuate duara. Kisha kilomita 50 hivi, simama, kaza tena.

Na pine ya sekuru, ile inayokaa chini ya gari miaka na miaka ikila matope: nayo iko na tarehe. Ifungue siku moja kwako nyumbani, isome, uijaze upepo. Wengi wanaikuta tupu siku wanayoihitaji, saa mbili za usiku, katikati ya pori.