Aliyeletwa na Bulamatari

Kwenye matanga ya mjomba wangu, mtaa wa Mulongwe mjini Uvira, mzee mmoja wa familia alisimama kutaja ukoo wa marehemu. Upande wa baba alikwenda bila kukwama, fulani mwana wa fulani, mpaka kizazi cha saba huko milimani juu ya uwanda wa Ruzizi. Upande wa mama alipiga hatua mbili tu. Alimtaja koko, ndivyo tunavyomwita bibi huku kwetu, akafika kwa baba yake koko, akasita. "Huyu aliletwa na Bulamatari," akasema, akaketi. Waombolezaji wakaitikia kana kwamba hilo nalo ni jina la ukoo.

Koko mwenyewe alikuwa mkekani hapo hapo. Hakusema kitu.

Bulamatari, mvunja mawe, lilikuwa jina la mpelelezi Stanley kabla ya kuwa jina la serikali nzima ya mkoloni. Lakini lililoninyima usingizi ni hilo neno "aliletwa". Kwenye ufuko huu wa kaskazini wa ziwa Tanganyika mtu aliweza kuletwa kwa njia tatu, na watoto wake wote wakabaki na neno hilo hilo moja.

Njia ya kwanza ni msafara. Wapelelezi Burton na Speke walipofika Uvira Aprili 1858 walikuta hapa ni soko la pembe na la watumwa, kituo cha mwisho cha wafanyabiashara waliokuja kwa mitumbwi kutoka Ujiji. Miaka ya 1880 mkubwa wa fukwe hizi alikuwa Rumaliza, mmoja wa wafanyabiashara hao, na ilichukua vita vya 1892 mpaka 1894 kumwondoa yeye na wenzake. Watoto waliokombolewa kwenye misafara walikabidhiwa serikali au misheni. Mmoja wao angeweza kabisa kumzaa koko uzeeni. Njia ya pili ni jeshi: Force Publique ya mkoloni ilikusanya vijana kutoka kila pembe ya Kongo, ikawavusha mto Ruzizi mwaka 1916 kupigana na Wajerumani, na tarehe 19 Septemba ikaingia Tabora. Vita vilipokwisha, si kila askari alirudi kwao.

Njia ya tatu ndiyo inayosemwa kwa sauti ya chini. Kwa amri ya 1910, serikali ya Kongo ya Wabelgiji iliweza kumng'oa mtu kijijini kwake na kumpangia mahali pa kuishi, mbali, bila kumfikisha mahakamani. Ilitosha kusemekana kwamba anavuruga utulivu. Waliita relegasioni. Anayejulikana zaidi kati ya waliohamishwa ni Simon Kimbangu, ingawa yeye alihukumiwa: alianza kuhubiri na kuombea wagonjwa Nkamba mwaka 1921, na Oktoba ya mwaka huo huo mahakama ya kijeshi ya Thysville, Mbanza-Ngungu ya leo, ikamhukumu viboko 120 na kifo. Mfalme Albert wa Ubelgiji akabadili kifo kuwa kifungo cha maisha. Alipelekwa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, kilomita zipatazo 1,500 ukipima kama ndege arukavyo, akafia huko Oktoba 1951 akiwa ametumikia miaka 30. Wafuasi wake walitawanywa nchini, na kanisa lao linataja familia 37,000. Baadaye wakafuata watu wa Kitawala, harakati nyingine ya kidini, na kambi kama Lowa na Ekafera zikajaa. Hata wafalme hawakupona. Musinga wa Rwanda aliondolewa kwenye kiti Novemba 1931, akawekwa Kamembe, kisha mwaka 1940 akavushwa hadi Moba, kwenye ziwa hili hili upande wetu, na hakurudi.

Koko ana dalili chache tu za baba yake. Mzee huyo hakuonja kasiksi, pombe yetu ya ndizi, hakuvuta tumbaku, hakula nguruwe. Nikafurahi: Mkimbangu huyo, miiko yao ndiyo hiyo! Shangazi akanikata kauli. Na Mwislamu wa msafara je, yeye alikula nguruwe?

Basi nikajiuliza kama mate ndani ya kichupa cha kupimia DNA yanaweza kuchagua njia moja kati ya hizo tatu.

Nianze na vile ambavyo koko hana. Hana kromosomu Y, kwa kuwa hiyo hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume peke yake. Ile ya baba yake walikuwa nayo kaka zake, ambao wamekwisha kufa, na sasa iko kwa mtoto wa mmoja wao, motari, mwendesha pikipiki wa Kavimvira, ambaye siku nzima anabeba abiria na ushahidi bila habari. Koko hana pia mitokondria ya baba yake. Mitokondria ni majiko madogo yaliyomo ndani ya karibu kila seli, nayo yana DNA yake ndogo, herufi 16,569 tu, ambayo mama humpa kila mtoto lakini ni binti peke yake anayeweza kuipitisha mbele. Koko ni mama wa mama yangu. Kwa hiyo nikipima mitokondria yangu mimi, nitafika moja kwa moja kwa mama yake koko, mwanamke wa hapa hapa ziwani ambaye hakuna aliyewahi kumtilia shaka. Yule mgeni sitamwona hata kivuli.

Tukimpima motari je? Hapo tunakutana na historia ndefu zaidi ya Bulamatari. Miaka kati ya 4,000 na 5,000 iliyopita, watu waliosema lugha mama za Kibantu walianza kutoka maeneo ya mpaka wa Nigeria na Kamerun, wakasambaa mpaka kwetu na mpaka kusini kabisa. Wengi wa wanaume wao walibeba tawi moja la kromosomu Y ambalo wanasayansi wanaliita E-M2, na leo limejaa Matadi, kule magharibi, kama lilivyojaa Uvira. Jibu la kwanza la motari karibu hakika litakuwa hilo, sawa na la abiria wake. Tawi hilo lina vijitawi, na vingine ni vya karne chache tu, ila kijitawi kina maana pale tu ambapo mwanamume mwingine aliyepimwa anacho na anajua kwao.

Waaustralia wana bahati ambayo sisi hatuna. Kati ya 1788 na 1868 Uingereza iliwasafirisha huko wafungwa wapatao 162,000, na makarani waliandika urefu wa wengi wao, rangi ya macho, makovu, chale. Zaidi ya hapo, jina la ukoo lilishuka kutoka baba kwenda mwana sambamba na kromosomu Y, kwa hiyo jina na damu vinaweza kukaguana. Huku kwetu kila mtoto hupewa jina lake. Halafu mwaka 1972 Mobutu akafuta majina ya kigeni, na Pierre wa kwenye faili la mkoloni akafa mtu mwingine kabisa kwenye kitambulisho.

Kuna fumbo jingine ambalo lilinichekesha kabla ya kuniumiza. Bakongo wa magharibi, watu wa kwao Kimbangu, huhesabu ukoo kwa mama. Bafuliiru na Babembe, majirani zetu hapa, huhesabu kwa baba. Mtu wa Bakongo aliyehamishwa akimwoa mwanamke wa ziwani, watu wa kwao watasema watoto ni wa ukoo wa mama yao. Watu wa mke watasema watoto ni wa baba. Kila upande unamsukumia mwenzake, kwa heshima kabisa, na mtoto anabaki katikati. Labda ndiyo maana yule mzee wa matanga hakuwa na cha kuongeza. Hakuwa amesahau. Kwa hesabu yake, hapo hapakuwa na kitu.

Kinachobaki ni DNA ya kromosomu nyingine, jozi 22, na hapo koko ni hazina. Nusu yake ni ya baba yake. Mama yangu ana kama robo, mimi kama asilimia 12.5, mwanangu kama sita. Nasema "kama" kwa sababu mgawo baada ya koko ni wa kubahatisha. Kila mzazi anapotengeneza yai au mbegu, kromosomu mbili za jozi hukatwa na kubadilishana vipande. Ni kama kitenge cha babu kinachochanwa kila msiba: binti anapata pande kubwa, mjukuu kipande cha kufungia mtoto, kitukuu kitambaa cha kufutia jasho. Ukienda nyuma vizazi kumi una nafasi 1,024 za mababu, na takriban nusu yao hawajakuachia hata uzi. Bado ni mababu zako. Mwilini mwako hawamo.

Kuchanika huko kuna faida, maana vipande virefu ni dalili ya uzao wa karibu, na vifupi ni vya zamani. Kwa kupima urefu, wanasayansi wanaweza kukadiria watu wawili wamepishana vizazi vingapi, au damu mbili zilichanganyika lini. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa mifupa ya watu 80, wengi wao wa pwani ya Waswahili, kutoka Mtwapa, Manda, Kilwa na kwingineko. Upande wa akina mama ulikuwa karibu wote wa Kiafrika. Upande wa akina baba ulikuwa na Uajemi mwingi, na mchanganyiko ulianza karibu mwaka 1000. Wasomi walizoea kuyacheka masimulizi ya Washirazi, kwamba mababu zao walitoka Uajemi, kama majivuno ya wakubwa. Tangu hapo nimepunguza kucheka masimulizi ya wazee.

Kwenye kisiwa cha St Helena kuna mfano unaotugusa zaidi. Waingereza waliwashusha hapo Waafrika waliokamatwa kwenye meli za watumwa katikati ya karne ya 19, na maelfu wakafia hapo bila majina. DNA ya 20 kati yao ililinganishwa na ya maelfu ya Waafrika walio hai, na wakaonekana kutoka eneo kati ya kaskazini ya Angola na Gabon. Jambo la kuzingatia ni huko kulinganisha. Mate peke yake hayasemi kitu, yanasema tu "nafanana na yule". Utafiti mkubwa wa Wabantu uliotoka mwishoni mwa 2023 uliwapima wasemaji zaidi ya 1,500 kutoka nchi 14, na ukaona kwamba Kongo na Zambia zilikuwa njia panda ambapo misafara ya kale ilipishana. Kwa sayansi ni habari tamu. Kwa mtu anayetafuta babu mmoja, njia panda ni mahali pabaya pa kupotelea.

Na kampuni za biashara ya DNA ndizo dhaifu zaidi hapo, kwa sababu wateja wao wengi hawatoki kwetu. Binamu yangu wa ng'ambo alijipima. Kampuni ikamrudishia ramani yenye doa moja kubwa la rangi, kutoka Kamerun likafunika Kongo yote. Alilipa pesa nzuri kuambiwa kwamba yeye ni mtu wa huku.

Rangi za ramani nimeziacha. Ninachotafuta ni ndugu. Tuseme baba yake koko aliacha kaka yake kijijini, na mjukuu wa mtoto wa huyo kaka anaishi Brussels na amejipima. Mimi na yeye ni binamu wa ngazi ya tatu, na kwa ndugu wa namna hiyo mara moja katika kumi mashine haioni chochote cha pamoja. Lakini mpime koko na kijana huyo, na mashine itaona karibu bila shaka, asilimia tatu hivi. Ndiyo maana anayepimwa kwanza ni mzee. Kila mzee anayezikwa anakwenda na pande lake la kitenge.

Hata hivyo, hata huyo ndugu akipatikana, na hata akiwa mtu wa Nkamba kabisa, mate yatakuwa yamesema babu alitoka wapi. Hayatasema alikuja vipi. Askari wa 1916 aliyezaliwa Nkamba na mfungwa wa dini aliyezaliwa Nkamba wana DNA ya namna ile ile. Hukumu haiandikwi kwenye kromosomu. Iliandikwa kwenye karatasi, na nyingi za serikali ya mkoloni ziko Brussels. Zetu za nyumbani zilipita kwenye uasi wa 1964 na vita vya 1996, na zilizosalia zilichukuliwa na mto Mulongwe ulipofurika Aprili 2020, pamoja na kabati lililokuwa na cheti cha ubatizo cha koko.

Binamu alipokuja likizo aliniletea kichupa. Nikamweleza koko yote haya, jioni, akianika ndakala, dagaa wetu. Nikamwambia pia jambo ambalo sikutaka kumficha: anayejipima hajipimi peke yake, anatupima sisi wote, na kuna mambo ambayo yakitoka hayarudi ndani. Inaweza kuonekana kwamba aliyemwita baba hakuwa baba yake. Wanaweza kutokea watoto wa baba yake kutoka nyumba nyingine.

"Hao nawajua," akasema.

Nikanyamaza.

"Baba alikuwa anaita jina usingizini. Halikuwa la mama yangu. Mama alikuwa anamwamsha, anampa maji, hawazungumzi." Akageuza ndakala upande wa pili. "Leta hicho kichupa."

Nikamwambia lazima akae nusu saa bila kula, kunywa wala kutafuna, na yeye alikuwa ametoka kuonja ndakala sasa hivi. Akasukutua, akatema, akaketi kwenye kigoda na kufunga mdomo. Simu niliiweka chini mbele yake ili auone muda unavyohesabika. Jirani alipita akamsalimia, koko akampungia mkono tu, macho hayakutoka kwenye simu.