Majina ya Majabali ya Saipan

Mgeni azuruye Saipan, kisiwa cha Pasifiki kilicho chini ya Marekani, aghalabu huanzia ufuo wa magharibi wenye mchanga mweupe. Hapo ndipo majeshi ya Marekani yaliposhuka tarehe 15 Juni 1944. Vifaru vyao vilivyokwama vingali vinaonekana majini, vimeliwa na kutu.

Kaskazini pana majabali mawili. Julai 1944 raia wengi wa Kijapani, wakiwamo akina mama na watoto wao, walijitupa kutoka huko wakihofia kutekwa. Watalii huyajua kwa majina ya Banzai Cliff na Suicide Cliff, kana kwamba kisiwa kilizaliwa vitani. Wachamorro, ambao ni wenyeji, huyaita Puntan Sabaneta na Laderan Banadero. Majina haya nayo yana asili ya Kihispania (Wahispania walitawala hadi 1899, wakafuatwa na Wajerumani, kisha Wajapani mwaka 1914), lakini sarufi ni ya Kichamorro: ile -n ya mwisho huunganisha nomino mbili, kazi iliyo karibu na ya a-unganifu ya Kiswahili. Puntan ni rasi ya. Laderan, genge la. Kifo hakimo katika majina hayo.