Stesheni Iliyosubiri Karanga

Jioni, mitaa ya Kariakoo hunukia karanga za kukaanga. Muuzaji huzipima kwa kikombe, huzitia katika karatasi aliyoisokota, na mtoto huenda zake akitafuna. Ni wachache wakumbukao ya kuwa kwa ajili ya karanga kama hizo ilijengwa reli nzima kusini mwa nchi yetu, na stesheni yake ya Nachingwea ikafa ingali changa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilipungukiwa na mafuta ya kula. Mwaka 1946 wataalamu wake walishauri karanga zilimwe Tanganyika katika mamilioni ya ekari, na kazi ikapangwa kwenye sehemu za Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kazi ilianza kwa haraka, pasipo kufanya kwanza kilimo cha majaribio cha kutosha. Ili mavuno ya Nachingwea yapate njia ya kufika baharini, ilijengwa reli kutoka pwani, na bandari yenye kina kirefu ikapangwa Mtwara. Garimoshi lilifika Nachingwea mwaka 1949.

Reli ilikuwapo, mzigo haukuwapo. Visiki na mizizi ya pori vilivunja majembe ya trekta. Huko Kongwa udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji, na mvua ikawa haba. Mwezi Januari 1951 mpango ukaachwa, ukiwa umekwisha kula karibu pauni milioni 36. Bandari ya Mtwara ilipofunguliwa mwaka 1954, ilifunguliwa kwa karanga ambazo hazikuja. Reli ikajikongoja hadi mwaka 1962, ikafungwa, na baadaye vyuma vyake viking'olewa.

Lakini bandari haikufa, kwa sababu ilipata mzigo wa wenyeji: korosho. Vivyo hivyo Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ilidumu kwa kuwa wasafiri na mazao ya mikoa mingi viliitegemea. Mwaka 2024 treni za umeme zilianza kwenda Morogoro na Dodoma katika reli mpya.

Basi, chuma peke yake hakifanyi stesheni. Stesheni huishi kwa mkulima mwenye gunia na mama mwenye safari. Wale waliopanga Nachingwea walihesabu ekari kabla ya kuujua udongo. Mkulima mdogo aliyeujua udongo wake aliendelea kulima karanga zake kwa jembe la mkono.