Kutoka Kampala hadi Kisoro: Msafara wa Magari Katika Milima ya Kigezi

Imekuwa desturi mjini Kampala, hasa sikukuu zinapofuatana na Jumamosi na Jumapili, watu wenye magari kukutana alfajiri mahali walipopatana, magari sita, kumi au zaidi, wakaondoka kwa pamoja kwenda kuitazama nchi. Wengine ni wafanyakazi wa ofisi moja, wengine walisoma shule moja, na wengine hawajuani ila kwa kuwa magari yao ni ya aina moja. Huendesha, husimama wakala, hupiga picha, kisha huendesha tena. Wako wanaoicheka desturi hii na kuiita uharibifu wa petroli. Sisi hatumo miongoni mwao. Mtu aliyezaliwa na kukulia Kampala, asiijue Uganda ila kwa ramani ya darasani, amekosa jambo kubwa. Na mama auzaye ndizi za kuchoma kando ya barabara hupata riziki yake kwa sababu magari husimama. Lakini barabara hizo hizo huua watu kila mwaka, na kwa hiyo jambo hili lastahili kuzungumzwa kwa makini.

Katika nchi nyingine safari za namna hii zimejengewa barabara zake. Nchini Marekani, katika milima ya Appalachia, iko barabara iitwayo Blue Ridge Parkway, yenye urefu wa kilomita 755 hivi, ipitayo katika majimbo ya Virginia na North Carolina. Ilianza kujengwa mwaka 1935, wakati wa shida kubwa ya uchumi, ili watu wapate kazi, na kipande chake cha mwisho kilikamilika mwaka 1987. Malori ya biashara hayaruhusiwi humo, na mwendo wa juu kabisa ni kilomita 72 kwa saa. Kila baada ya mwendo mfupi pamewekwa mahali pa kusimamisha gari na kutazama mabonde. Sisi hatuna barabara ya kutazamia milima tu. Barabara ya Kigezi ni njia ya malori yaendayo Rwanda na Kongo, ni njia ya mabasi ya usiku, ni njia ya mtoto aendaye shule na ya ng'ombe waendao kunywa maji. Anayekwenda huko kutembea ni mgeni katika mahali pa kazi pa watu wengine, na hapana budi aende kama mgeni.

Ndugu msomaji atauliza kwa nini tumechagua Kigezi. Milima iko kwingine pia. Barabara ya Mbale kwenda Kapchorwa, kwenye maporomoko ya Sipi, ni nzuri, na ile ya Fort Portal kwenda Bundibugyo, ipandayo kwenye ncha ya kaskazini ya Rwenzori na kuteremka katika bonde la Semliki, ina kona ambazo dereva hatazisahau. Lakini njia ya kusini-magharibi ina jambo moja lisilopatikana katika hizo mbili: nchi hubadilika mara nne au tano njiani, na kila inapobadilika, chakula nacho hubadilika.

Msafara mwema huondoka Kampala saa kumi na mbili asubuhi, kabla Busega na Kyengera hazijafungwa na magari. Atakayechelewa kwa saa moja tu huenda akailipa kwa saa mbili. Baada ya Nsangi njia hufunguka, na punde si punde waonekana mafundi wa ngoma wa Mpambire, waliopanga kazi zao kando ya barabara, ngoma kubwa na ndogo. Kayabwe, kiasi cha kilomita 72 kutoka mjini, ndipo Ikweta inapokatiza barabara, nayo imewekewa pete mbili za saruji ambazo kila mtu husimama ndani yake apigwe picha, mguu mmoja kaskazini na mmoja kusini. Chai hunywewa hapo. Maji yazungukayo katika karai, upande huu hivi na upande ule vingine, ni mchezo wa kufurahisha watoto. Elimu ya fizikia haiukubali, kwa maana nguvu ya mzunguko wa dunia ni dhaifu mno kuweza kuyaongoza maji ya karai. Lakini vijana wanaouonyesha huufanya kwa ustadi, na sisi hatuoni vibaya kuwalipa.

Mbele yake ni bonde la mto Katonga na mji wa Lukaya. Hapa ndipo penye nyama na kuku wa kuchoma katika vijiti, maini, gonja na chapati. Gari likisimama tu, wauzaji huja mbio wamevaa makoti yenye nambari, kila mmoja ameinua vijiti vyake mpaka dirishani. Mgeni huona ni fujo. Kwa kweli ni soko lenye utaratibu wake, na ile nambari humwezesha mnunuzi kumtambua aliyemuuzia. Mwezi wa Mei mwaka 2023 maji ya mvua yalipoharibu barabara kwenye Katonga, njia ilifungwa, na magari ya Masaka yakageuzwa kupita Mpigi, Kanoni, Sembabule na Villa Maria. Ndipo wengi walipofahamu kwamba mji kama Lukaya huishi kwa kusimama kwa wasafiri. Hakukuwa na kosa lolote la wachoma nyama, lakini mto ulipoikata barabara ulikata na biashara yao. Tunawasihi wenye misafara wasibebe chakula chote kutoka Kampala katika masanduku ya barafu. Kama twapita mbele ya milango ya watu kwa ajili ya starehe, hatuna sababu ya kupita bila kununua.

Kutoka Masaka, kilomita 130 kutoka Kampala, hadi Lyantonde, migomba hupungua na majani huzidi. Karibu na Sanga, kwenye mpaka wa hifadhi ya Ziwa Mburo iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1983, mara nyingi pundamilia huonekana wakila pamoja na ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu, tena bila kushuka garini. Chakula cha mchana twashauri kiliwe kabla ya kuingia Mbarara au katika Mbarara yenyewe, saa sita hivi. Huko ndiko kwenye eshabwe, mchuzi mweupe wa samli usiopikwa motoni, unaoliwa kwa ugali wa ulezi uitwao karo. Asiyeuzoea ataonja kwa woga mara ya kwanza. Ya pili ataomba aongezewe. Lakini dereva asile mpaka ashibe kabisa, kwa maana kutoka Ntungamo barabara yaanza kupanda, na usingizi wa saa nane mchana umeua watu wengi kuliko giza.

Na sasa twafika penye neno letu kuu. Kwenye vilima vya Rwahi barabara hupinda na kupanda, nayo ni nyembamba kwa jinsi ilivyo na kazi. Malori yenye mizigo mizito hutambaa humo. Hapo ndipo msafara usio na utaratibu hugeuka kuwa hatari. Dereva wa mbele akilipita lori mahali palipo wazi, wa pili humfuata akidhani njia bado ni wazi, wa tatu humfuata wa pili, na wa nne hukutana na basi kwenye kona. Hakuna katika hao aliyekusudia ubaya. Kila mmoja ameogopa kuachwa tu. Kwa hiyo twasema wazi kwamba msafara ukutane mahali palipotajwa kwa jina, mathalani kituo cha petroli cha Muhanga, na kati ya kituo na kituo kila dereva awe huru kuachwa. Gari dogo lisilo na nguvu liende mbele, ili mwendo wake uwe mwendo wa wote. Nyuma kabisa awepo mtu mzima mwenye subira, mwenye kamba ya kuvutia gari, jeki na maji. Atakayelewa chakulani asishike usukani, hata kama gari ni lake.

Kuna kisa kinachoeleza kwa nini vijana wetu hupenda mbio. Mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yalipitia Kenya, Uganda na Tanganyika, na watu walijipanga kandokando ya barabara kuyatazama. Shekhar Mehta, aliyezaliwa Kampala mwaka 1945, alishinda Safari mara tano, mwaka 1973 na kisha kila mwaka kuanzia 1979 hadi 1982. Twajivunia jina lake. Lakini Mehta alikuwa na msomaji wa ramani pembeni mwake, alijifunza njia kabla ya siku ya mashindano, na alikuwa amevaa kofia ya chuma. Baba wa watoto watatu, mwenye gari lililonunuliwa kuukuu kutoka Japani, hana hata kimoja katika hivyo.

Ukishavuka Rwahi, Kigezi yajifunua yenyewe. Milima imekatwa matuta kutoka chini hadi kileleni, viazi mbatata, mtama, maharagwe na kabichi, kila shamba likiwa na rangi yake. Wageni wameizoea kuiita Uswisi ya Afrika. Jina hilo halitupendezi. Matuta haya yalilimwa kwa majembe ya Wakiga, na ni kazi ya watu waliosongamana mno katika ardhi, hata katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ikaanza kuwahamisha wengine kwenda sehemu nyingine zenye nafasi. Anayeyaona kuwa picha nzuri tu hajaona nusu yake.

Kabale, kilomita 410 hivi kutoka Kampala, iko mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na jioni baridi yake humkumbusha mtu wa Kampala kwamba alisahau sweta. Wengi hulala kando ya Ziwa Bunyonyi, jirani na mji, ambako kamba wa maji baridi hupikwa kwa namna nyingi, nasi twaona ndicho chakula bora cha safari nzima. Wapiga makasia husema kina cha ziwa ni mita 900. Vipimo vya wataalamu vimeonyesha makumi ya mita tu. Lakini yale wasemayo juu ya kisiwa kidogo cha Akampene ni kweli. Huko waliachwa zamani wasichana waliopata mimba kabla ya kuolewa, wafe kwa njaa au maji, na wengine walichukuliwa na wanaume wasiokuwa na mahari. Si mahali pa kupigia picha za kucheka.

Siku ya pili ni ya Kisoro, kilomita 80 hivi. Barabara hii, iliyokuwa ya vumbi na matope kwa miaka mingi, sasa ina lami, lakini mvua kubwa bado huangusha udongo wa mlima juu yake. Hupita katika msitu wa mianzi wa Echuya, ambamo ukungu hukaa mpaka saa nne asubuhi, kisha hufika Kanaba, zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Hapo kila gari husimama, na halihitaji kuambiwa. Mbele yako ni Muhavura wenye mita 4,127, Mgahinga na Sabinyo, na chini nchi ya Bufumbira yenye vilima vidogo vidogo vya volkano. Watu utakaowaona wakiuza vikapu au kuomba kandokando, baadhi yao ni Batwa, ambao misitu hii ilikuwa nyumba yao. Mgahinga ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, walitolewa. Vikapu vyao vinunuliwe kwa bei wanayoitaja.

Kurudi kuna taabu kuliko kwenda. Wengi hutaka kuondoka Kisoro Jumapili baada ya chakula cha mchana wafike Kampala usiku huo huo, karibu kilomita 490, gizani, pamoja na mabasi na malori yasiyo na taa za nyuma. Asiyeweza kuondoka alfajiri na alale Mbarara. Kwenye miteremko gia ndogo itumike kabla breki hazijanuka. Na kwa kuwa hakuna arudiye kutoka Kigezi bila viazi, gunia lifungwe vema nyuma ya gari, kwa maana kona za Kanaba haziliachi gunia mahali lilipowekwa.