Chuma Kinapozidi Mwilini: Dawa kwa Wanaoongezewa Damu Mara kwa Mara

Damu inayochangiwa na wananchi huokoa maisha ya wagonjwa wengi, wakiwemo wenye selimundu na wale ambao miili yao haitengenezi damu ya kutosha. Nchini Tanzania inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka, na baadhi yao huongezewa damu mara nyingi. Kwa wagonjwa wa namna hii ipo athari isiyoonekana kwa macho: madini ya chuma hujilimbikiza mwilini.

Chupa moja ya damu huwa na takriban miligramu 200 hadi 250 za chuma. Mwili hupoteza miligramu moja au mbili tu kwa siku, wala hauna njia yake wenyewe ya kutoa ziada. Mtu mzima anayeongezewa chupa moja kila mwezi hupokea miligramu 2,400 hadi 3,000 kwa mwaka, ilhali mwili wa mtu mzima mwenye afya una miligramu 3,000 hadi 4,000 kwa jumla. Ziada hiyo hutuama katika ini, moyo na tezi. Isipotibiwa, huweza kusababisha makovu katika ini, moyo kushindwa kufanya kazi, kisukari, na watoto kuchelewa kubalehe.

Kuongezewa damu mara moja au mbili hakuleti hatari hii. Ufuatiliaji huhitajika zaidi mgonjwa anapokuwa amepokea chupa 10 hadi 20. Daktari hupima ferritini katika damu. Kiwango kinachobaki juu ya nanogramu 1,000 kwa mililita ni miongoni mwa dalili za kuanza matibabu.

Dawa zinazotumika hukamata chuma na kukitoa kwa njia ya mkojo au choo. Deferoksamini huingizwa polepole chini ya ngozi kwa saa 8 hadi 12, siku tano au zaidi kwa wiki. Deferasiroksi ni ya kunywa mara moja kwa siku, na mtumiaji hupimwa figo na ini. Deferiproni hunywewa mara tatu kwa siku na huweza kufanya mkojo uwe mwekundu. Kwa kuwa huweza kupunguza chembe nyeupe za damu, mtumiaji wa deferiproni akipata homa au maumivu ya koo anapaswa kufika hospitalini siku hiyo hiyo.

Wazazi na walezi wanashauriwa kutompa mgonjwa wa aina hii dawa za kuongeza damu zenye madini ya chuma bila ushauri wa daktari. Vidonge vya asidi ya foliki pekee, ambavyo wagonjwa wengi wa selimundu huandikiwa, havina chuma. Vile vilivyochanganywa, wanavyopewa wajawazito, vinacho.

Ni muhimu pia kila chupa ya damu iandikwe katika kadi ya kliniki pamoja na tarehe, hata mgonjwa anapotibiwa mbali na nyumbani. Pasipo kumbukumbu hiyo, daktari hawezi kujua kwa urahisi ni lini kipimo kinahitajika.

Hakuna sababu ya kukataa damu kwa kuhofia chuma. Damu huokoa maisha leo. Kipimo na dawa, vikianza kwa wakati, huyalinda kwa miaka ijayo.