Chai kabla ya kisu

Kwa miaka mingi nimeendesha kibanda cha video hapa Mnarani, ng'ambo ya mji wa Kilifi, karibu na magofu yaliyokipa kijiji jina. Mabati, mabenchi ya mbao za mnazi, televisheni moja, spika mbili. Mimi husimama nyuma, nikawatazama watazamaji zaidi ya filamu. Risasi zikilia, watu hupiga mayowe, hununua njugu, hutoka kwenda haja. Wananyamaza pale mwenye kisasi anapoketi meza moja na mtu aliyemuulia baba, wakamiminiana chai.

Hapo kila mtu kibandani anajua vita vimeshaanza. Nani kapewa kiti, nani kaachwa wima? Nani anaitwa mheshimiwa, nani anaitwa kijana? Ufunguo wa lango uko kwa nani? Filamu mbovu haina subira na maswali hayo: baba anauawa, mwana anachukua bunduki, basi. Filamu nzuri humfanya mwana ale chakula cha muuaji na kumshukuru.

Usiku mmoja stima ilipotea katikati ya filamu. Vijana wakataka kurudishiwa pesa. Nikawaambia, "Kaeni, niwape ya kwetu." Nikawahadithia Yusuf bin Hasan, wa ukoo wa masultani wa Malindi.

Baba yake, Sultani Hasan, alitawala Mombasa chini ya Wareno. Aligombana na kapteni wa Ngome ya Yesu, akakimbilia Rabai, na huko akauawa mwaka 1614 kwa hila ya Wareno hao hao. Mwanawe, bado mtoto, akapelekwa Goa, India. Mapadri wakamlea, wakambatiza, wakampa jina Dom Jerónimo. Alipokua, wakamrudisha Mombasa awe mfalme.

"Mfalme wa nini, Ami?" akauliza mmoja.

Swali zuri. Taji alikuwa nalo, lakini ngome na mizinga vilikuwa mikononi mwa kapteni, Pedro Leitão de Gamboa. Wareno walimwona Mswahili; wenyeji walimwona Mreno. Kila alipoitikia jina la Jerónimo, alikuwa akiitikia jina alilopewa na watu waliomuulia baba. Mwandishi wa tamthilia angehitaji vipindi kumi kuonyesha hayo, na pengine asiandike hata neno moja la ugomvi.

Kisha ikaja siri. Ilisemekana mfalme huenda usiku kwenye kaburi la babake kumwombea Kiislamu. Mtu akamwona, habari zikafika kwa kapteni. Tangu hapo kila mmoja alijua jambo juu ya mwenzake, na salamu zikaendelea kama kawaida. Hapo ndipo vijana wangu waliponyamaza.

Agosti 1631 Yusuf aliingia ngomeni na watu wake, kama mfalme anayemtembelea kapteni. Akamchoma kisu. Kisha mauaji yakaenea mjini: Wareno, wake zao, watoto, na Waafrika Wakristo waliokataa kusilimu. Hiyo sehemu sikuwafichia. Kisasi kilichokusudiwa mtu mmoja hakikujua pa kukomea.

"Akapata nini?" akauliza yule yule.

Wareno walikuja na merikebu mwaka 1632 wakashindwa kuitwaa ngome. Lakini mwaka huo huo Yusuf mwenyewe aliihama Mombasa, akawa haramia baharini, akafa mwaka 1638 pande za Bahari ya Shamu. Wareno wakarudi ngomeni; maandishi yao ya mwaka 1635 yangali juu ya lango, wakijisifu jinsi walivyoiadhibu pwani.

Stima ilirudi wakati wanabishana kama kapteni, siku ile, aliona chochote machoni mwa mgeni wake kabla ya kumkaribisha. Filamu ikaendelea yenyewe pale ilipokatikia, mtu anakimbia na bastola. Hakuna aliyegeuza shingo kuitazama.