Nguo za Wageni, Kutoka Norwich hadi Lubumbashi

Hapa Lubumbashi, kuanzia Kamalondo hadi Kasungami, nani asiyemjua mwanasiasa Moïse Katumbi? Wachache huuliza kwa nini baba yake, Nissim Soriano, alikihama kisiwa cha Rhodes. Alikuwa Myahudi, na mwaka 1938 sheria za ubaguzi za Italia, iliyokitawala kisiwa hicho, ziliwavua Wayahudi haki zao. Karibu wote waliobaki, zaidi ya 1,600, walisombwa na Wajerumani Julai 1944 hadi kambi ya Auschwitz. Wachache mno walinusurika. Lakini wenzao wengi walikwisha kufika Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mji ulioanza 1910, wakiukimbia zaidi umaskini, na sinagogi waliyoijenga kufikia 1930 ingali imesimama. Mali yao kubwa ilikuwa nguo. Wazee bado wanalikumbuka jina la Solbena, kampuni ya Salomon Benatar.

Husemwa kwamba watu hao walizaliwa na biashara damuni. Siamini. Kijana aliposhuka kwenye treni mara nyingi alimkuta mjomba mwenye duka. Alipimia wateja vikwembe, akajifunza bei, kisha akapewa mali kwa mkopo akajitegemee. Undugu ndio uliokuwa benki. Mtu atanipinga: ngozi nyeupe ndiyo iliyowafungulia mji. Ni kweli, Mkongomani wa wakati ule hakupewa mkopo wala kiwanja katikati ya mji. Ila Wabelgiji nao walikuwa weupe, na wengi wao waliidharau biashara ya kumuuzia Mwafrika kitambaa. Rangi ilifungua mlango. Haielezi kwa nini wageni hawa walishika nguo.

Kwa kulinganisha, tuwatazame sasa wafumaji Waprotestanti waliohama Flandria na Walonia, nchi ya mababu wa Wabelgiji hao hao, wakati mfalme wa Hispania alipowatesa kwa ajili ya dini. Mwaka 1565 mji wa Norwich, Uingereza, uliokuwa umeanza kufa kwa kukosa kazi, uliomba kibali cha Malkia Elizabeth kuwapokea mafundi 30 na watu wao. Hawakupendwa na wote: mwaka 1570 ilifumwa njama ya kuwafukuza, na viongozi wake wakanyongwa. Wala si imani tupu iliyowaleta, kwani soko la nguo kwao lilikuwa limeanguka. Lakini walikuja na vitanda vya kufumia. Kila jora lilikaguliwa hadharani na kupigwa muhuri wa risasi, na baada ya miaka wenyeji nao wakawa wanafuma vitambaa vile vile vyepesi, vilivyoilisha Norwich kwa zaidi ya karne moja.

Kwetu ujuzi ulibaki ndani ya ukoo. Rais Mobutu alipotangaza zairianisation, tarehe 30 Novemba 1973, maduka ya wageni yaligawiwa wananchi, na mengi yalikauka upesi. Wengi huwalaumu waliogawiwa kwa kula mtaji, nao kweli waliula. Hata hivyo, aliyekuwa mwaminifu kabisa asingeweza kujaza rafu, maana hakuna aliyewahi kumpeleka kwa mtu anayetuma marobota kwa mkopo, na mtu huyo alikuwa shemeji ya mwenye duka aliyefukuzwa.